Mstari wa rangi kwenye kamba: namna ya kufundisha historia ya ubingwa wa ngumi jimuni

Somo hili linahusu mabondia weusi walivyozuiwa kupigania ubingwa wa dunia, na lina raundi 12. Kocha anagonga kengele, unazungumza dakika tatu, anagonga tena, vijana wanauliza dakika moja. Jumla ni dakika 47, na usizidishe. Mabondia wamezoea kengele. Ukiwakalisha saa mbili wasikilize hotuba, raundi ya tano haijafika nusu yao watakuwa nje wanaruka kamba.

Chagua siku kwa kuangalia mwezi. Kwenye jimu nyingi za Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, wapo vijana wanaolala ziwani kwenye mitumbwi ya dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa kwenye giza. Mwezi ukishapevuka, taa haivuti kitu na wavuvi wanapumzika nchi kavu. Weka somo siku mbili tatu kabla au baada ya mwezi mpevu. Ukiliweka wakati wa giza, utafundisha wachache, na watakaokosa ndio wanaolihitaji zaidi, maana wanajua maana ya kufanya kazi kubwa na kulipwa kidogo.

Vifaa na kamba

Nunua kamba ya katani ya mita 12 na nusu, nene kama kidole kidogo. Maduka ya nyavu yanauza kwa mita. Ya nailoni inateleza, vibanio havikai. Nunua pia manila mbili, vibanio vya nguo 18 (11 vyekundu na 7 vya bluu), maka pen, visoda saba, na mizani ya kusimama ile ile mnayopimia uzito. Manila moja ya sentimita 60 kwa 84 inatoa kadi 16 za sentimita 15 kwa 21. Wewe unahitaji 18, na lazima utaharibu mbili tatu. Ndiyo sababu ya manila ya pili.

Kutoka ncha ya kamba hesabu sentimita 45 za kufungia, piga alama, andika 1890. Kisha piga alama kila baada ya sentimita 20, kila alama mwaka mmoja, hadi 1948. Utakuwa umetumia mita 11 na sentimita 60, na ncha ya pili itabaki na kama sentimita 45. Usifunge mafundo. Watu wengi hufunga mafundo kwa kuona yanadumu, lakini kila fundo linakula kamba, na mafundo 59 yataimaliza kabla hujafika mwisho. Maka pen inatosha. Ikififia, zungushia uzi.

Kamba hii funga kwenye nguzo za ulingo, upande mmoja na wa pili, kwa kimo cha kifua. Ulingo wa mita sita kila upande unaitosha vizuri. Kama mnafanyia mazoezi uwanjani bila ulingo, funga kati ya miti, ila isilegee katikati: kadi zitakusanyika bondeni na umbali kati ya miaka utapotea, na umbali huo ndio somo lenyewe.

Kibanio chekundu ni uzito wa juu. Cha bluu ni uzito mwingine wowote. Kadi nyekundu ni za miaka 1891, 1892, 1908, 1909, 1910, 1911, 1912, 1913, 1915, 1926 na 1937. Za bluu ni 1890, 1901, 1902, 1906, 1922, 1926 na 1948. Mwaka 1926 una kadi mbili. Ya pili ining'inize chini ya ya kwanza.

Ongeza vikaratasi vidogo vya hapa nyumbani ili miaka isielee hewani: 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, 1905 hadi 1907 vita vya Maji Maji, 1916 Waingereza waliichukua Mwanza kutoka kwa Wajerumani, 1928 reli ilifika Mwanza. Kijana akiona kwamba Jack Johnson, mtu mweusi aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa juu, alikuwa anamwinda bingwa miaka ile ile ya Maji Maji, hakuna haja ya kumweleza dunia ilikuwaje.

Raundi za kwanza: nani alikuwa na mamlaka ya kukataa

Anza na swali ambalo kila kijana atauliza: kwani sheria ilikataza? Jibu lake lina sehemu mbili, na ukizichanganya somo lote linapinda. Baadhi ya mahali, ndiyo, serikali au chama kilikataza. Lakini kwa sehemu kubwa ya ubingwa wa uzito wa juu hakukuwa na sheria yoyote. Wakati ule hakukuwa na chombo cha kimataifa chenye orodha ya wapinzani na mpinzani wa lazima kama ilivyo sasa. Ubingwa ulikuwa mali ya bingwa mwenyewe, promota na magazeti. Bingwa akisema simpigi fulani, yameisha. John L. Sullivan alitangaza mwaka 1892 kwamba yuko tayari kwa mpinzani yeyote isipokuwa mtu mweusi. Hakuvunja kanuni yoyote, hakutozwa faini, hakupoteza ubingwa kwa sababu hiyo. Hiyo ndiyo kadi ya 1892, na tamko la namna hiyo ndilo lililoitwa mstari wa rangi.

Aliyekuwa anamkwepa alikuwa na jina. Peter Jackson, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Croix, bingwa wa Australia. Tarehe 21 Mei 1891 huko San Francisco, Jackson alipigana na James J. Corbett raundi 61, pambano likaisha bila mshindi. Mwaka uliofuata Corbett akapata nafasi kwa Sullivan na kuchukua ubingwa. Jackson hakuipata kamwe. Waulize vijana raundi 61 ni muda gani: dakika tatu mara 61, jumlisha mapumziko 60, ni dakika 243, zaidi ya saa nne. Kisha wasimamishe wote wakiwa wameweka gadi, mikono juu, kwa dakika tatu tu, halafu endelea.

Sasa waelekeze kwenye vibanio vya bluu. George Dixon, mtu mweusi kutoka Halifax, Kanada, alikuwa bingwa wa dunia tangu 1890, miaka 18 kabla ya Jack Johnson. Joe Walcott alichukua uzito wa welta 1901. Joe Gans wa Baltimore alichukua uzito mwepesi 1902 kwa kummaliza Frank Erne raundi ya kwanza. Kosa linalorudiwa sana kwenye redio na vijiweni ni kusema Johnson ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Alikuwa wa kwanza katika uzito wa juu. Tofauti hiyo ina maana kubwa: milango ya uzito mdogo ilifunguliwa kidogo kwa sababu pesa yake ilikuwa ndogo na heshima yake ndogo, ilhali bingwa wa uzito wa juu alihesabiwa ndiye mwanamume mwenye nguvu kuliko wote duniani. Na hata huko chini mlango ulirudi kufungwa. Septemba 1892 Dixon alimpiga Jack Skelly, mzungu, kwenye Olympic Club ya New Orleans. Klabu hiyo ikaacha kabisa kupanga mapambano ya weusi na weupe.

Jihadhari na majina. Joe Walcott wa 1901 si Jersey Joe Walcott aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu 1951. Huyu wa pili alilichukua jina la yule wa kwanza. Jack Johnson si Battling Jim Johnson, ingawa walipigana wenyewe kwa wenyewe. Andika jina kamili kwenye kila kadi.

Mizani

Hapa ndipo vijana wanapoamka, kwa sababu kila bondia anajua uchungu wa kukata maji ili kufikia uzito. Pambano ni la 3 Septemba 1906, Goldfield, Nevada. Gans ndiye bingwa, Battling Nelson ndiye mpinzani. Upande wa Nelson ukaweka sharti: pauni 133, yaani kilo 60.3, wapimwe siku ile ile ya pambano, zaidi ya mara moja, wakiwa wamevaa vifaa vya ulingoni. Gans alikuwa na shida ya pesa na alikubali.

Mpandishe kijana mmoja kwenye mizani akiwa na bukta tu, andika uzito. Mvalishe viatu, bandeji na glovu, mpime tena. Tofauti itaandikwa ubaoni bila wewe kusema neno. Kisha waulize: kama kikomo hakibadiliki, gramu hizo za vifaa zinatoka wapi? Zinatoka mwilini, saa chache kabla ya kengele, na hakuna muda wa kunywa maji ukarudi sawa. Hiki ni kizuizi ambacho hakina neno "rangi" ndani yake. Mkataba ukiusoma, utaona kilo tu.

Gans alishinda raundi ya 42, Nelson alipoondolewa kwa ngumi ya chini ya mkanda. Bingwa alilipwa dola 11,000, na mpinzani wake mzungu aliyeshindwa alipata zaidi. Usiiache habari hiyo ipite haraka.

Visoda saba

Jack Johnson alizaliwa Galveston, Texas, 1878. Mwaka 1903 alishinda ubingwa wa dunia uliotengwa kwa watu weusi peke yao, kwa kumpiga Denver Ed Martin huko Los Angeles. Jim Jeffries, bingwa halisi, alistaafu 1905 bila kumpa mtu mweusi yeyote nafasi ya kupigania ubingwa wake. Ubingwa ukapita kwa Marvin Hart, kisha Tommy Burns, na Johnson akamfuata Burns hadi Australia.

Weka visoda saba sakafuni. Promota Hugh McIntosh alimhakikishia Burns pauni 6,000 na Johnson pauni 1,000. Sogeza visoda sita upande mmoja, kimoja upande wa pili. Mwambie kijana aliyesimama upande wa kisoda kimoja kwamba refa wa pambano ni yule yule promota, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Muulize: unasaini? Waache wabishane dakika nzima, usiwakate. Johnson alisaini. Tarehe 26 Desemba 1908, Rushcutters Bay, Sydney, polisi walisimamisha pambano raundi ya 14 na Johnson akatangazwa bingwa. Siku hiyo Mwanza ilikuwa bado chini ya Wajerumani.

Vijana watauliza: kocha, Jeffries alimwogopa Johnson? Usijibu ndiyo wala hapana. Moyo wa mtu haupimwi. Warudishe kwenye vinavyopimika: nani alikataa, tarehe gani, kwa pesa kiasi gani, na alipobembelezwa na magazeti arudi, alirudi kwa nani. Jeffries alirudi, akapigana na Johnson 4 Julai 1910 huko Reno, Nevada. Pambano lilipangwa raundi 45 na lilihamishwa kutoka San Francisco baada ya gavana wa California kulizuia. Johnson alimmaliza raundi ya 15. Usiku ule fujo zilizuka katika miji mingi ya Marekani na watu waliuawa, wengi wao weusi. Kama wapo watoto wadogo jimuni, sema hivyo na uishie hapo.

Filamu ikionekana ya kuchekesha

Filamu ya Reno ipo na inapatikana. Pakua nyumbani au mahali penye Wi-Fi, usitegemee bando wala umeme wa saa moja jioni. Simu moja kwa vijana 30 haitoshi. Gawa makundi matatu na simu tatu, au azima projekta na mtundike shuka jeupe.

Kosa kubwa ni kasi. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, takriban picha 16 kwa sekunde. Zikichezwa kwa picha 24, mabondia wanakimbia kama kuku na vijana wanacheka. Wakishacheka, umewapoteza. Weka kasi ya 0.75 kwenye simu. Miguu itarudi kuwa ya watu, na utaona kazi halisi ya Johnson: anavyoshika mkono wa mpinzani juu ya kiwiko ngumi haijazaliwa, anavyorudi nusu hatua, anavyopiga apakati akiwa ndani. Simamisha picha, mwite bondia mmoja aige. Sekunde 30 za namna hiyo zinatosha.

Kisha eleza kwa nini filamu hiyo iliogopwa. Miji mingi iliipiga marufuku, na Julai 1912 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia filamu za ngumi zisisafirishwe kutoka jimbo moja hadi jingine. Sheria hiyo iliondolewa 1940. Hapa kizuizi kimehamia mahali pengine: hawakuweza tena kumzuia asishinde, wakazuia asionekane akishinda. Uingereza nako, 1911, Winston Churchill akiwa waziri wa mambo ya ndani, pambano la Johnson na Bombardier Billy Wells lilizuiwa lisifanyike London.

Kadi ya 1913 usiifiche

Wapo wanaofundisha habari za Johnson kana kwamba hakuwa na doa. Hilo ni kosa la ualimu, maana kijana atakuja kusoma mwenyewe na hatakuamini tena. Johnson alipokuwa bingwa, alikataa kuwapa nafasi weusi bora wa wakati wake: Sam Langford, Joe Jeannette, Sam McVea. Johnson alikuwa amempiga Langford kwa pointi mwaka 1906 huko Chelsea, Massachusetts, akiwa na uzito mkubwa zaidi yake. Ubingwa ulipoingia mkononi, hakurudiana naye. Mtu mweusi pekee aliyempa nafasi ni Battling Jim Johnson, Paris, Desemba 1913, sare. Promota walilipa zaidi kwa mweusi dhidi ya mweupe, naye alifuata pesa. Mstari wa rangi ulikuwa umefika hata mkononi mwa aliyeuvuka.

Mwaka huo huo wa 1913 mahakama ya Marekani ilimtia hatiani kwa sheria ya kusafirisha wanawake kutoka jimbo moja hadi jingine kwa uasherati, mbele ya baraza la wazungu watupu. Alikimbilia Ufaransa, akapoteza ubingwa kwa Jess Willard huko Havana 5 Aprili 1915, raundi ya 26, akarudi 1920 kutumikia kifungo. Alisamehewa rasmi Mei 2018, miaka 72 baada ya kufa.

Kusoma rekodi ya aliyefungiwa mlango

Hii ndiyo raundi ya thamani kuliko zote, kwa hiyo mpe kocha ishara asigonge kengele mapema. Chapisha rekodi ya Sam Langford. Ina mapambano zaidi ya 200, kwa hiyo chukua kurasa mbili za miaka ya 1910 hadi 1920. Kila kundi la vijana wanne lipate nakala moja na kalamu za rangi nne. Kazi: paka rangi moja kila jina linalojirudia.

Kwanza waeleze herufi. KO na TKO wanazijua. ND (no decision, yaani bila uamuzi) si kushindwa wala sare. Katika majimbo mengi, New York mojawapo kati ya 1911 na 1917, sheria ilizuia refa kutangaza mshindi pambano likifika mwisho. Waandishi wa magazeti ndio waliotoa maoni yao kesho yake. Anayehesabu ND kama kushindwa atapata rekodi ya mtu dhaifu, na atakosea vibaya.

Wakimaliza kupaka, karatasi itajaa rangi tatu nne: Jeannette, McVea, Harry Wills. Langford na Wills walipigana zaidi ya mara 15. Jeannette na McVea walipigana raundi 49 mjini Paris 17 Aprili 1909; hiyo ni kadi yako ya 1909. Rekodi ya bondia aliyefunguliwa njia hupanda ngazi: majina mapya, wapinzani wakubwa, kisha ubingwa. Ya aliyefungiwa huzunguka mduara. Walipigana wao kwa wao kwa sababu bingwa hakuwa tayari, na njaa haisubiri. Langford aliishia kipofu. Mwandishi wa gazeti alimkuta Harlem mwaka 1944, maskini kabisa.

Tahadhari ya maneno: magazeti ya zamani na hata majina ya ulingoni ya watu hawa yana matusi ya rangi. Jina la utani la Langford ni mojawapo. Sema mara moja kwamba yalikuwa matusi, tumia jina la kuzaliwa, na usiyaandike ubaoni. Kijana akilipenda kama jina la ulingoni, utalisikia kesho kwenye kampeni ya pambano.

Raundi ya kumi na moja na ya mwisho

Battling Siki mpe raundi yake mwenyewe. Mwana wa Saint-Louis, Senegal, alimwangusha Georges Carpentier raundi ya sita, Paris, 24 Septemba 1922, na kuwa Mwafrika wa kwanza bingwa wa dunia. Refa kwanza alimwondoa Siki kwa madai ya kumtega miguu; umati ukalipuka, majaji wakabatilisha. Baadaye serikali ya Uingereza ilizuia pambano lake na Joe Beckett London. Alitetea ubingwa Dublin siku ya Mtakatifu Patrick 1923, dhidi ya Mike McTigue wa Ireland, akapoteza kwa pointi. Waulize mabondia kama wangekubali tarehe hiyo, ukumbi huo, mpinzani huyo.

Raundi ya 12, usiseme kitu mwanzoni. Mwambie kijana mmoja atembee polepole kandokando ya kamba kutoka 1915 hadi 1937, akitafuta mtu mweusi aliyepewa nafasi ya kupigania uzito wa juu. Ni mita nne na sentimita 40. Atapita kadi ya Siki, ya bluu. Mwaka 1926 atakuta mbili: ya bluu ni Tiger Flowers, bingwa mweusi wa kwanza wa uzito wa kati. Nyekundu ni Harry Wills, na hiyo amwambie asome kwa sauti. Jack Dempsey alikuwa bingwa kuanzia 1919 hadi 1926. Wills alikuwa mpinzani anayestahili, mikataba ilisainiwa, 1922 na tena 1925. Pambano halikufanyika. Mkataba wa kwanza haukuwa na tarehe wala ukumbi, na wa pili pesa ya utangulizi ya Dempsey haikulipwa. Hapo waonyeshe vijana mambo matatu ya kutazama kwenye mkataba wowote kabla ya kushika kalamu: tarehe, ukumbi, na malipo ya awali yaliyokwisha ingia, si yaliyoahidiwa.

Mwishowe atafika 1937, Joe Louis akimwangusha James Braddock huko Chicago. Louis alikuwa ameelekezwa na mameneja wake asifurahie mbele ya mzungu aliyeanguka na asipigwe picha na mwanamke mzungu. Kadi ya 1948, ya bluu, ni Dick Turpin, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Uingereza, kwa kuwa mpaka mwaka huo bodi ya huko ilidai wazazi wote wawili wa bingwa wawe weupe.

Kengele ikilia, toa kadi kabla ya kukunja kamba, zipange kwa mwaka na uzifunge kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu wa ziwa hulegeza manila na panya hawachagui. Kamba ikunje kuanzia ncha ya 1948. Hivyo 1890 itabaki nje, na anayefundisha mara ijayo ataanzia hapo bila kuifumua yote.